Faini ya Maegesho Usiyolipa Inakusubiri Siku Una Mzigo wa Wateja

Somo la leo ni la wewe unayeuza mtandaoni na unatumia gari, kirikuu, bajaji au boda kufuata mzigo Kariakoo na kupeleka kwa wateja. Iwe chombo ni chako, cha ndugu yako au cha kukodi, linakuhusu. Tunaongelea ile faini ya maegesho iliyotupwa kwenye dashibodi, mtu anasema "nitalipa tu", miezi inapita.

Mimi niliishia kidato cha nne. Haya mambo hakuna aliyenifundisha darasani. Nimejifunza dukani, kwa kuuliza, kwa kusoma karatasi ya faini mpaka maandishi madogo ya chini, na kwa kuona yanayowapata wenzangu. Nataka leo uondoke na kitu kimoja tu: deni la maegesho halifi, na wala halikusumbui siku uliyopaki. Linakusumbua siku gari limejaa mali za watu ambao wameshakulipa.

TUANZE KWA KUYATENGANISHA

Wengi wetu tunasema "faini ya paking" kwa kila kitu. Kumbe ni vitu vitatu, na kila kimoja kinalipwa kwa njia yake. Ukivichanganya utalipa kimoja ukadhani umemaliza vyote.

1. Ushuru wa maegesho. Hii siyo faini. Ni malipo ya kutumia nafasi halali ya kupaki pembeni ya barabara. Wengi tunaujua kupitia TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza 2017. Mwaka 2021 ukaingia mfumo wa kielektroniki. Kijana wa maegesho anaingiza namba ya gari lako kwenye kimashine, deni linasajiliwa, na wewe unalipa kwa kontroo namba, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99. Ukizidisha siku ulizopewa bila kulipa, ndipo faini inapanda juu ya ushuru.

2. Faini ya polisi wa usalama barabarani. Hii inakuja ukipaki pasiporuhusiwa: umeziba njia, umesimama kituo cha daladala, umepanda njia ya waenda kwa miguu. Inatoka kwenye Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa pikipiki na bajaji, bajeti ya 2022 ilishusha kutoka 30,000 mpaka 10,000. Makosa mawili kwa wakati mmoja ni faini mbili, hakuna bei ya jumla hapo.

3. Gharama za kufungwa mnyororo na kuvutwa. Ukifungwa tairi, unalipa kufunguliwa. Gari likivutwa kupelekwa yadi, unalipa kuvutwa, na kila siku linalolala pale unalipia kulala. Hii ndiyo inayouma kuliko zote, maana haisubiri wiki. Inaongezeka kila kunapokucha.

DENI LINAMFUATA NANI?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Deni linakaa kwenye namba ya gari. Halijali nani alikuwa anaendesha siku ile.

Maana yake nini kwako? Kama unatumia gari la kaka yako kupeleka mizigo na ukaacha madeni, siku kaka anampeleka mama hospitali akisimamishwa, deni lako ndilo linalomsimamisha. Na kinyume chake: kama shemeji alipaki hovyo mwezi uliopita, wewe ndiye utakayeulizwa ukiwa na mzigo wa wateja ndani.

Na kama umenunua gari mkononi mwa mtu bila kuangalia namba yake, umenunua na madeni yake. Ukija kutaka kubadilisha umiliki, au wewe ukitaka kuliuza, mnunuzi mjanja ataingiza namba kwenye simu, aone deni, akate bei au aondoke. Kwa hiyo hata ukisema "siku hizi sipiti barabarani na gari lile", bado liko na wewe.

Halafu kuna hili la karatasi. Zamani ukikuta karatasi kwenye kioo unajua unadaiwa. Sasa hivi kijana anaweza kuingiza namba yako kwenye mashine akaendelea na gari linalofuata, wewe uko dukani unachagua mashuka. Ukirudi hukuti kitu kwenye kioo, unaondoka kwa amani. Kutokuona karatasi siyo ushahidi kwamba hudaiwi. Ushahidi ni kuangalia kwenye mfumo.

TUPIGE HESABU KWA MALI, SIYO KWA SHILINGI

Mfanyabiashara ukimwambia 30,000 anaona ni hela ya kawaida. Mimi napenda kugeuza iwe bidhaa.

Tuseme unauza madera. Kila dera lina faida ya 5,000 baada ya kutoa nauli na mfuko. Faini ya 30,000 ni faida ya madera 6. Yaani umepiga picha, umepost, umejibu "bei gani" mara arobaini, umeuza madera 6, halafu yote yakaondoka kwenye maegesho.

Sasa usipolipa. Faini ya polisi ikipita siku 7, inaongezeka asilimia 25. Ile 30,000 inakuwa 37,500. Hapo ni madera 7 na nusu. Huwezi kuuza nusu dera, kwa hiyo hesabu 8. Madera mawili umeyatoa bure kwa sababu ya kuchelewa tu, hakuna kosa jipya ulilofanya.

Kwenye ushuru wa maegesho maumivu yako kwenye tofauti. Ushuru wa saa moja ni mamia ya shilingi. Faini ya kuchelewa kuulipa ni maelfu. Mtu anakwepa hela ya maji ya kunywa, anakuja kulipa hela ya kuku mzima. Na kama unaenda Kariakoo mara mbili kwa wiki, una nafasi nane kwa mwezi za kusahau.

Kuna na jambo la kodi ambalo wengi hatulijui. Ushuru wa maegesho ukiwa kwenye safari ya biashara ni gharama ya biashara, tunza risiti yake. Lakini faini ya kuvunja sheria, Sheria ya Kodi ya Mapato haiihesabu kama gharama ya kupunguza faida unayokatwa kodi. Wengi wetu wadogo tunakadiriwa kwa mauzo kwa hiyo hatuoni tofauti leo, ila ukikua ukaanza kuandaa hesabu kamili, utaiona. Faini inatoka mfukoni mwako moja kwa moja.

SASA ANGALIA SIKU YENYEWE INAVYOKUWA

Kuna dada mmoja tunafahamiana kwenye biashara, anauza mashuka na mapazia kwa wateja wa mikoani. Anatumia gari la mdogo wake. Kwenye gari lile kulikuwa na faini moja ya polisi ya kupaki vibaya, na ushuru kadhaa wa maegesho wa siku za Kariakoo. Kila mtu nyumbani alikuwa anajua kuna "kideni". Hakuna aliyejua ni kiasi gani, kwa sababu kila mmoja aliamini mwenzake ameshalipa.

Wiki moja kabla ya Krismasi akawa anapeleka mizigo 11 Mbezi, stendi ya Magufuli, iondoke na mabasi ya alfajiri. Njiani wakasimamishwa. Askari akaingiza namba kwenye mashine, madeni yakatoka yote. Hakuna ugomvi, hakuna matusi, deni ni la kweli: lipa, gari liondoke.

Tatizo halikuwa kukosa hela kabisa. Tatizo ni kwamba asubuhi ile alikuwa ameshalipia mzigo mpya. Hela yote ya biashara ilikuwa kwenye mapazia. Kwenye simu ilibaki ya mafuta. Akaanza kupiga simu za kuazima, huyu hapokei, yule anasema mpaka jioni. Alipokuja kukamilisha, mawakala wa mizigo walikuwa wameshafunga hesabu za mabasi ya alfajiri.

Mizigo ililala. Wateja wawili walikuwa wanataka mapazia kwa ajili ya shughuli Jumamosi, wakadai hela zao, akarudisha. Mmoja hakusubiri hata maelezo, akaandika neno "tapeli" chini ya tangazo lake. Lile neno limesomwa na watu ambao hawatajua kamwe habari ya maegesho.

Hapo ndipo nataka usimame kidogo. Faini yenyewe ililipwa ikaisha. Mauzo mawili yalipotea, hayo nayo yanafidika. Jina ndilo halirudishwi kwa kontroo namba. Sisi wa mtandaoni hatuna fremu ya barabarani ambayo mteja anaweza kuja kutugongea. Tunaishi kwa mtu asiyetujua kutuma hela kwanza na kusubiri. Ukimchelewesha, hawazi foleni wala faini. Anawaza ameibiwa.

MANENO TUNAYOJIDANGANYA NAYO

"Watasahau." Binadamu anasahau, mfumo hausahau. Namba yako iko pale leo, iko pale mwakani.

"Gari siyo langu." Sawa, lakini mzigo ni wako. Gari likizuiwa, mashuka hayatoki yakatembea yenyewe.

"Wamenionea, silipi." Inawezekana kweli umeonewa. Namba inaweza kukosewa herufi moja, ukadaiwa maegesho ya Mwanza wakati gari halijawahi kuvuka Chalinze. Lakini kukaa kimya siyo kupinga. Kukaa kimya ni kuacha deni likue. Ukipinga, pinga mapema: chukua picha ya gari, andika tarehe na ulikokuwa, nenda ofisi inayohusika na kadi ya gari. Kwa faini ya polisi, una haki ya kutokukubali kosa na kutaka jambo liende mahakamani. Haki hiyo ina maana ukiitumia mwanzoni, siyo ukiwa umesimamishwa saa kumi na moja jioni na maboksi kwenye siti ya nyuma.

"Kuna jamaa anafuta madeni." Huyu mkimbie. Anayekuambia umtumie nusu ya deni kwenye namba yake binafsi ili alifute, anakula hela yako na deni linabaki. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kontroo namba, na ukilipa unapata ujumbe wa kuthibitisha. Ukipata meseji inakuambia unadaiwa maegesho "tuma kwa namba hii", usitume. Ingia mwenyewe kwenye mfumo uangalie kama deni lipo.

CHA KUFANYA, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Angalia deni leo. Madeni ya polisi unaangalia kwenye tms.tpf.go.tz, unaingiza namba ya gari au pikipiki. Ushuru wa maegesho unaangalia kwenye mfumo rasmi wa anayeukusanya, au kwa simu ya kitochi unapiga *152*00# na kufuata maelekezo. Angalia sehemu zote mbili. Kuwa safi upande mmoja hakukuambii chochote kuhusu upande wa pili.

Hatua ya 2. Chagua siku moja ya wiki. Mimi ni Jumapili jioni, nikiwa nahesabu mauzo ya wiki. Naangalia namba ya gari ninalotumia na namba za boda wawili wanaonibebea mizigo. Hata dakika kumi haziishi. Ukiangalia kila wiki, faini ya polisi haiwezi kukupita zile siku 7 bila wewe kujua.

Hatua ya 3. Lipa kwa kontroo namba, tunza uthibitisho. Piga picha ya skrini, iweke kwenye albamu moja ya simu yenye jina la gari. Siku moja moja mfumo unaweza kuonyesha deni ulilolipa. Mwenye ushahidi anaondoka, asiye nao anaanza kutafuta meseji ya miezi mitatu nyuma barabarani.

Hatua ya 4. Weka ushuru wa maegesho kwenye bei. Ukienda Kariakoo kufuata mzigo wa vipande 40, nauli, mafuta na maegesho vigawe kwa vipande 40. Ushuru ukishakuwa ndani ya bei hutaona uchungu kuulipa, maana mteja ameshakusaidia kuubeba. Faini usiiweke kwenye bei. Ukimbebesha mteja faini yako atahamia kwa jirani yako anayepaki vizuri.

Hatua ya 5. Tenga akiba ya njiani. Kiasi kidogo kinachokaa kwenye laini ya pili, siyo ile ya biashara, na hakiguswi kununua mzigo. Kazi yake ni moja: gari likisimama, litoke. Yule dada angekuwa na akiba ya namna hiyo, mizigo 11 ingewahi basi hata kama deni lilikuwepo.

Hatua ya 6. Usipange siku ya mizigo mingi kwa gari lenye deni. Kama huna hela ya kulipa wiki hii, sawa, hali zinatofautiana. Basi mizigo ya wateja ipande daladala au boda asiyedaiwa mpaka utakapolipa. Usicheze bahati nasibu na mali za watu.

Hatua ya 7. Elewana na anayebeba mzigo wako kabla, siyo baada.

MANENO YA KUMTUMIA BODA WAKO

Wengi tunaogopa kuwaambia vijana wa boda ukweli kwa sababu tumewazoea. Chukua haya, badilisha upendavyo:

"Kaka habari. Kabla hatujaanza kazi ya mizigo naomba namba ya pikipiki niangalie kama haidaiwi. Ukipaki vibaya kwa uamuzi wako, faini ni yako. Nikikuelekeza mimi usimame pasiporuhusiwa, faini ni yangu. Ukishikwa, nipigie hapo hapo, usizime simu, nitatuma mtu achukue mzigo. Hatutagombana."

Angalia, kuna haki ya pande zote pale. Usimwambie kijana "simama tu hapo hapo mlangoni mwa benki, mteja anashuka", halafu akiandikiwa 10,000 unamwambia ni shauri lake. Kwa boda 10,000 inaweza kuwa karibu hela yote ya siku baada ya kumpa tajiri wake. Ukimlipia ile uliyosababisha wewe, siku nyingine atalinda mzigo wako kama wake.

NA KAMA TAYARI LIMESHATOKEA

Gari limezuiwa, mzigo uko ndani, mteja anapiga. Fanya kwa mpangilio huu.

Kwanza omba kwa heshima utoe mizigo. Askari ni mtu, ukiongea vizuri ukamwonyesha ni maboksi ya wateja, mara nyingi mtaelewana. Ukianza kwa kelele umejifungia mlango.

Pili, tafuta boda achukue mizigo iendelee na safari. Gari lishughulikie baadaye.

Tatu, mwandikie mteja kabla yeye hajakuandikia:

"Dada habari, mzigo wako haujaondoka leo, chombo kimezuiwa njiani. Mzigo uko salama, picha yake hii hapa. Utaondoka kesho alfajiri na nitakutumia risiti ya basi. Ukipenda kurudishiwa hela, narudisha leo. Samahani sana."

Picha ya mzigo wenye jina lake inatuliza kuliko maelezo marefu. Mteja anayeambiwa mapema anakasirika kidogo kisha anasubiri. Anayekuta simu haipokelewi ndiye anayeandika "tapeli".

Nne, kama madeni ni mengi na hela haitoshi, anza na kile kinachoongezeka haraka. Gari lililo yadi ndiyo la kwanza, maana linalala kwa kulipiwa. Kisha faini ya polisi ambayo haijafikisha siku 7. Kisha ushuru wa maegesho ambao haujaingia faini. Yaliyokwisha pandishwa yafuate, moja baada ya jingine, mpaka namba iwe safi.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla hujalala leo, ingiza namba ya gari au pikipiki inayobeba mizigo yako kwenye mifumo yote miwili. Ukikuta sifuri, lala usingizi mzuri. Ukikuta deni, gawanya kwa faida ya bidhaa yako moja uone umepoteza vipande vingapi, halafu panga siku ya kulipa.

Kisha njoo hapa chini uniambie: ni madera mangapi, vyombo vingapi, viatu pea ngapi? Usiandike namba ya gari yako, andika idadi ya bidhaa tu. Na mtumie somo hili mwenzako anayepaki Kariakoo na kuondoka bila kuangalia nyuma. Desemba mizigo ni mingi, bora ajue sasa hivi.